Ngumi huanzia kisiginoni

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, uzito wangu kilo 58, na huu ni mwaka wa tatu nafanya karate ya Shotokan hapa Morogoro. Napiga pushapu 60 bila kupumzika, lakini nikipiga begi linabembea tu. Mwenzangu tunayelingana uzito, ambaye pushapu hafikishi hata 30, akipiga gyaku-zuki (ngumi ya mkono wa nyuma) begi linakunjika na mlio unasikika nje ya ukumbi. Sensei (mwalimu wangu wa karate) ananiambia kila siku 'tumia kiuno', nami nakizungusha mpaka kinauma. Nakosea wapi? La pili, nikipiga mawashi-geri (teke la kuzungusha), goti la mguu ninaosimamia linaniuma upande wa ndani. Niache mateke?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza maswali mawili, lakini majibu yake yanakutana mahali pamoja: kwenye unyayo wako ulioko sakafuni. Nitaanza na ngumi, goti nitalifikia. Mpaka umalize kusoma, tafadhali usipige mawashi-geri hata moja.

Begi lako limekwisha kukujibu. Begi linalobembea limesukumwa, linalokunjika limepigwa. Ngumi ya kusukuma hukaa muda mrefu juu ya begi, na begi zima hupata nafasi ya kuondoka nayo. Ngumi ya kupiga humaliza kazi kabla begi halijaanza safari, ndiyo maana ngozi ya begi inaingia ndani na mlio unatoka. Tuchukue namba za mfano. Ngumi yenye tungamo la kilo 3 nyuma yake, inayokwenda kwa kasi ya mita 7 kwa sekunde, ikisimama ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunde, hutoa kani ya wastani ya nyutoni 2,100. Hiyo ni kama mzigo wa kilo 210 uliotua kufumba na kufumbua. Ngumi hiyohiyo, kwa kasi hiyohiyo, ikichukua muda mara mbili kusimama, kani yake ni nyutoni 1,050. Nguvu hazikupotea, zimetandazwa.

Na kwa nini nimesema kilo 3? Mkono mzima wa binadamu, kuanzia begani, ni takriban asilimia 5 ya uzito wa mwili. Kwako wewe ni kama kilo 2.9. Mkono ukisafiri peke yake, hata hizo hazifiki zote kwenye begi, kwa sababu kiwiko kikilegea au kifundo cha mkono kikipinda, kinachogonga ni kiganja na kipande cha mkono tu. Mwili ukiwa umeunganika, bega na kifua navyo vinaingia kwenye hesabu. Mwenzako hana mwili mkubwa kuliko wako. Ila wakati ngumi inagusa, mwili wake ulio nyuma ya ngumi ni mwingi kuliko wako.

Sasa hizo pushapu 60. Sizidharau, zinalinda mabega na zinafundisha kifua na tumbo kushikamana. Lakini pushapu ni kazi ya polepole na ngumi ni kazi ya haraka, na msuli haufanyi kazi hizo mbili kwa namna moja. Mwaka 1938 mwanafiziolojia Mwingereza A. V. Hill, akitumia misuli ya chura, alionyesha kwamba kadiri msuli unavyojifupisha kwa kasi ndivyo nguvu unayoweza kutoa inavyopungua. Maana yake kwako ni hii: ngumi ikishashika kasi, misuli ya mkono imebakiwa na nguvu kidogo sana ya kuongeza, hata ungepiga pushapu 100. Kasi lazima itoke kwenye misuli mikubwa ya makalio na mapaja, ambayo hufanya kazi mapema, mwili ungali unakwenda taratibu, kisha kasi hiyo irithishwe juu mpaka mkononi.

Kama ulisoma shule za kwetu, uliwahi kufyeka. Kumbuka mwanafunzi mgeni na fyekeo: amelishika kama anaogopa litamkimbia, mabega yamepanda masikioni, anapiga kwa mikono mitupu. Majani yanalala, yanainuka tena, na baada ya robo saa viganja vina malengelenge. Kisha anakuja mzee mlinzi, mwembamba kuliko wote. Anageuza mwili kidogo, mkono unafuata, fyekeo linafuata mkono, na ncha yake inapita kwenye majani kwa sauti ya fyuu. Majani hukatwa na kasi ya ncha, na kasi hiyo mzee aliianzisha miguuni. Gyaku-zuki ni hivyohivyo.

Hapo ndipo kauli ya sensei wako inapokaa. "Tumia kiuno" ni kweli, lakini ni nusu ya sentensi, na nusu iliyobaki wanafunzi wengi huijaza vibaya. Kiuno hakizalishi ile nguvu yote, kinaipokea na kuipitisha. Fuata mfuatano huu taratibu. Kisigino cha mguu wa nyuma kinasukuma sakafu chini na nyuma, na sakafu inakurudishia kani ileile, kama Newton alivyosema. Goti la nyuma linanyooka. Nyonga ya upande huo inakwenda mbele. Kwa kitambo kidogo sana nyonga imeshaondoka na bega bado limebaki nyuma, kwa hiyo misuli ya ubavuni inavutwa kama mpira wa manati. Kisha mguu wa mbele unafunga breki. Nyonga inasimama, kifua kinachomoka. Kifua kinasimama, mkono unachomoka.

Breki ndiyo sehemu ambayo watu hawaiamini mpaka waione. Umeshapanda daladala ukiwa umesimama. Dereva akikanyaga breki ghafla gari linasimama, na ni nyinyi mnaorushwa mbele. Katika ngumi, kila kiungo kikubwa kinakuwa gari na kile kinachofuata kinakuwa abiria. Nyonga isiposimama haimrushi mtu.

Sijakuona ukipiga, lakini kwa dalili ulizonipa nina makosa mawili ninayoyashuku. La kwanza, unageuza kiuno, bega na mkono kwa wakati mmoja, kama mlango unaozunguka kwenye bawaba. Ukifanya hivyo misuli ya ubavuni haivutwi kamwe, na kiuno kinauma kwa sababu kinabebeshwa kazi ya mapaja. La pili ni goti lako la mbele. Katika zenkutsu-dachi, ule msimamo wa goti la mbele lililokunjwa na mguu wa nyuma ulionyooka, goti hilo likiyumba nje au ndani wakati unapiga, breki haipo, na nguvu iliyotoka kisigino cha nyuma inavujia hapo. Mwambie mwenzako akae pembeni atazame goti lako tu, asitazame ngumi. Kama linacheza hata kwa upana wa vidole viwili, tumempata mwizi.

(Utasikia ubishi kama kisigino cha nyuma kibaki chini, kama wanavyofundisha Shotokan, au kiinuke kama cha mabondia. Kwangu swali hilo ni dogo. Kazi ya kisigino hutangulia; kikishasukuma, kuinuka baadaye hakuharibu kitu. Kikiinuka kabla hakijasukuma, umepiga ukiwa juu ya barafu.)

Lipo jambo la tatu, na hili ndilo gumu kulirekebisha kwa mtu mwenye pushapu 60: unakaza mapema mno. Misuli inayonyoosha kiwiko ina wapinzani wake upande wa mbele wa mkono, ile inayokunja. Ukikunja uso na kukaza mkono tangu ngumi ikiwa ubavuni, misuli hiyo miwili inavutana yenyewe kwa yenyewe na ngumi inasafiri ikiwa imefungwa kamba. Mwaka 2010 Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake waliwafunga wapiganaji hodari vifaa vya kupima umeme wa misuli wakati wakipiga. Waliona misuli ikiwaka mara mbili: mara ya kwanza kuanzisha pigo, mara ya pili wakati wa kugusa. Katikati hapo palikuwa na ulegevu, na ulegevu huo ndio unaoruhusu kasi. Wajapani wana neno kwa mwako ule wa pili, kime. Walimu wa karate walilijua kabla ya mashine. Kime hufanya mifupa na misuli kuwa kitu kimoja kigumu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ili ule mwili ulio nyuma ya ngumi ufike begini. Ikija mapema inakuwa breki, na ikichelewa ngumi inajikunja.

Nikuongezee ushahidi mmoja unaonipendeza sana. Mwaka 2012 watafiti wa Imperial College London na University College London walichukua watu 12 wenye mkanda mweusi wa karate na wengine 12 wa umri unaolingana, wanaofanya mazoezi ya mwili lakini hawajui karate. Wakawapa kazi ya kupiga ngumi kutoka umbali wa sentimita 5 tu. Wenye mkanda mweusi walipiga kwa nguvu zaidi, na tofauti hiyo haikuelezwa na ukubwa wa misuli. Ilielezwa na upatanifu wa wakati kati ya bega na kifundo cha mkono, yaani lini kila kimoja kinafikia kilele cha kasi yake. Hata picha za ubongo zilionyesha tofauti katika serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo. Kwa hiyo unachokosa kinapatikana kwa marudio yenye umakini, nacho hakiulizi una kilo ngapi.

Sasa nikuulize mimi: katika kipindi cha saa moja na nusu, unapiga begi mara ngapi na hewa mara ngapi? Nauliza kwa sababu kupiga hewa kuna kasoro yake. Gichin Funakoshi alipoileta karate Tokyo kutoka Okinawa mwaka 1922, na klabu ya kwanza ya chuo kikuu ilipoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Keio mwaka 1924, karate iliingia katika mazingira ya vijana wengi waliopangwa mistari wakipiga kwa hesabu: ichi, ni, san. Ni njia nzuri ya kufundisha umbo. Lakini ngumi inayopigwa hewani lazima isimamishwe na mwenye ngumi, la sivyo kiwiko kitaumia. Misuli inayokunja mkono inafunga breki kabla mkono haujanyooka. Ukirudia hivyo mara elfu kumi, umefundisha mwili kupunguza kasi palepale ambapo shabaha inapaswa kuwapo. Wazee wa Okinawa walikuwa na makiwara, ubao uliochimbiwa ardhini na kuviringishwa kamba za majani ya mpunga, na waliupiga kila siku. Ubao ule huwa unarudi nyuma kidogo na kukusukuma, na ukiwa umesimama vibaya unakuhamisha. Dojo nyingi, yaani kumbi za karate, zimebaki na hesabu ya ichi, ni, san na zimeacha ubao.

Umbali nao umo humohumo. Wanafizikia Michael Feld, Ronald McNair na Stephen Wilk walipiga picha za mapigo ya karate kwa taa za kumweka na mwaka 1979 wakachapisha vipimo vyao. Ngumi ya mbele ilikwenda kati ya mita 5.7 na 9.8 kwa sekunde. Kasi hiyo hufikia kilele mkono ukiwa umekwenda karibu robo tatu ya safari yake. Baada ya hapo inashuka hadi sifuri mkono unaponyooka kabisa. Kwa hiyo anayesimama mbali na kugusa begi kwa mkono ulionyooka anagusa kwa mabaki. Sogea. Begi likutane na ngumi wakati kiwiko bado kimepinda, na lengo lako liwe ndani ya begi, kina cha kiganja. (Huyo McNair alikuwa mwanaanga wa Marekani mwenye mkanda mweusi wa dani ya 5. Alifariki katika ajali ya chombo cha Challenger, Januari 1986. Kila ninapotumia namba zake namkumbuka kwa heshima.)

Kuhusu ngumi yenyewe nitasema machache. Gusa kwa vifundo viwili vya kwanza, cha kidole cha shahada na cha kati. Mifupa ya vidole hivyo imeshikamana imara na kifundo cha mkono na inapanga mstari mmoja na mfupa mnene wa mkono, upande wa dole gumba. Mifupa ya kidole cha pete na kidole kidogo ina uchezaji, na wa kidole kidogo ndio unaovunjika kwa kawaida mtu anapopiga ovyo. Hikite, ule mkono unaovutwa ubavuni, katika mafundisho ya zamani ulikuwa na kazi ya kumvuta mtu uliyemshika. Kama haujashika kitu, mchango wake katika nguvu ya ngumi ni mdogo kuliko tunavyoambiwa. Uvute, unasaidia mwili kugeuka, ila usiutegemee.

Tuje kwenye teke na goti lako.

Mguu mzima ni takriban asilimia 16 ya uzito wa mwili, kwako kama kilo 9.3, zaidi ya mara tatu ya mkono. Na bado unakwenda kasi. Katika vipimo vilevile vya 1979, mae-geri, teke la kwenda mbele, ilikwenda kati ya mita 9.9 na 14.4 kwa sekunde. Siri iko katika kukunja. Mguu uliokunjwa huzunguka kwa urahisi kuliko ulionyooka, kwa sababu uzito wake uko karibu na nyonga. Ndiyo maana goti hupanda kwanza, kisigino kikiwa karibu na tako. Kisha paja linapunguza mwendo na muundi unarushwa mbele. Ni daladala ileile. Anayerusha mguu ulionyooka kutoka chini ananyanyua nguzo.

Lakini wakati huo wote umesimama kwa unyayo mmoja, na mawashi-geri inadai kitu ambacho mae-geri haikidai: fupanyonga lote ligeuke. Goti limeumbwa kukunja na kunyooka, na kuzunguka kwake ni kidogo mno. Kama unyayo wako umeganda sakafuni ukitazama mbele, huku nyonga na mwili vinageuka pembeni, mzunguko ule lazima uishie mahali fulani, na mahali hapo ni goti. Upande wa ndani pana ligamenti inayolizuia lisifunguke, na pana mto wa gegedu katikati ya mifupa. Vyote viwili vinasokotwa kila unapopiga. Siwezi kulipima goti lako kwa maandishi, lakini maumivu ya upande wa ndani, kwenye mguu wa kusimamia, kwa teke hilohilo, yanaafikiana na kosa hili.

Na mara nyingi kosa huanzia kwenye sakafu. Kumbi nyingi tunazofanyia mazoezi ni za saruji iliyokwaruzika, na miguu mitupu yenye jasho hunata. Wengine huvaa raba, nazo hunata zaidi. Dawa ni kugeuza unyayo kabla teke halijaondoka. Uzito uende sehemu ya mbele ya unyayo, chini ya mizizi ya vidole. Kisigino kinyanyuke kidogo tu na kizunguke kielekee kwa mpinzani. Kwa teke la kiunoni uzunguke walau robo duara, kwa teke la kichwani karibu nusu duara. Unyayo ugeuke kwanza, nyonga ifuate, paja lifuate nyonga, muundi uje mwisho. Utaona ni mfuatano uleule wa ngumi, na utaona pia kwamba teke linakuwa zito bila wewe kuongeza bidii, kwa sababu sasa nyonga imepata njia.

Kwa hiyo usiache mateke, lakini pumzisha mawashi-geri kwa wiki mbili. Katika wiki hizo fanya zoezi la kugeuza unyayo tu, bila kurusha mguu: shika ukuta, nyanyua goti lililokunjwa, zungusha kisigino, rudi. Mara 20 kila upande, taratibu, kila siku. Kama goti linavimba, linakwama njiani, au linakuachia ghafla unapotembea, basi nenda hospitali kabla ya zoezi lolote. Hapo si suala la mbinu tena.

Kwa ngumi, punguza pushapu zibaki 20 na muda uliobaki upeleke kwenye begi. Piga ngumi 10 tu kwa seti, pumzika mpaka pumzi irudi, rudia seti 5. Zaidi ya hapo utaanza kusukuma tena, maana uchovu huvuruga mfuatano kabla haujagusa misuli. Anza kila ngumi kiganja kikiwa kimelegea kana kwamba umeshika kifaranga. Kifumbe inapobaki nafasi ya shubiri moja kufika. Ongeza pia kurusha: tafuta mpira mzito, au jaza mchanga kwenye mfuko mdogo wa kilo 2 au 3, simama katika zenkutsu-dachi, usukume ukutani kwa mkono mmoja kutoka kifuani, kwa kasi yako yote. Mfuko ukiondoka mkononi mwili hauna haja ya kufunga breki, na huo ndio mwendo tunaoutafuta.

Mwishoni mwa kila wiki mwombe mwenzako akurekodi kwa simu kutoka pembeni, kwa mwendo wa polepole. Simu inayochukua picha 120 kwa sekunde inatosha. Pitisha picha moja moja. Goti la nyuma linapaswa kuanza, kisha nyonga, kisha bega, kisha ngumi. Ukiona bega na nyonga vimeondoka kwenye picha moja, rudi kwenye mwendo wa taratibu bila begi, nyonga peke yake, mikono ikiwa imening'inia, mpaka uusikie ubavu ukivutwa. Niandikie baada ya wiki 6, unieleze begi linafanya nini.